Kanzu, Buibui na Mshale wa Mita

Kazi ngumu kuliko zote kwa mpiga picha wa Pwani ni kuwaweka katika picha moja mume aliyevaa kanzu na mke aliyevaa buibui, wamesimama juani, nyuso zao zikionekana. Nimeifanya kazi hiyo tangu ujana wangu, Likoni kwanza, kisha Kisauni, na kwa kipindi fulani Changamwe, na hadi leo nikiwakuta wawili wa namna hiyo mbele ya lenzi moyo wangu huchangamka. Kanzu hurudisha karibu mwanga wote unaoipiga. Buibui huumeza. Baina ya nguo hizo mbili kuna nyuso, na nyuso ndizo zilizolipiwa.

Mita iliyo ndani ya kamera haina habari na hayo. Imeundwa kwa dhana moja tu, kwamba ukivichanganya vyote vilivyo mbele ya lenzi, vyeusi kwa vyeupe, utapata kijivu cha kati, kile wanachokiita kijivu cha asilimia 18 kwa sababu ndicho kiasi cha mwanga kinachorudishwa nacho. Ielekeze kwenye kanzu itakwambia mwanga umezidi, punguza. Ukiitii, kanzu inatoka rangi ya majivu na uso wa bwana unazama gizani. Ielekeze kwenye buibui itakwambia mwanga hautoshi, ongeza. Ukiitii, buibui jipya linatoka limepauka na uso wa bibi unachujuka. Vipimo hivyo viwili, vilivyochukuliwa mahali pamoja, chini ya jua lile lile, huweza kupishana kwa stopu nne, na kila stopu ni mwanga maradufu, yaani kimoja kinataka mwanga mara 16 ya kingine. Na mita haijaharibika. Imepima mwanga uliorudi kutoka kwenye nguo, ilhali mpiga picha alitaka kujua mwanga unaowaangukia watu.

Tofauti hiyo nilifunzwa na mjomba wangu, aliyekuwa na kibanda cha picha karibu na kivuko cha Likoni katika miaka ya tisini. Waliokuwa wakipita pale watavikumbuka vibanda vile vya mbao na mabati, rangi zake kali, maua ya plastiki, na mapazia yaliyochorwa meli, ndege na maghorofa. Mwanaanthropolojia wa Kijerumani, Heike Behrend, amewaandika wapiga picha wale katika tafiti zake. Wengi wao walikuwa watu wa bara, kama walivyokuwa wateja wao, watu waliokuja kutafuta riziki hotelini na bandarini. Jumapili mtu alivaa nguo yake ya heshima, akasimama mbele ya pazia la meli, na picha ile ikatumwa nyumbani iwe ushahidi kwamba mambo si mabaya.

Kamera yetu ilikuwa Pentax K1000, ya chuma tupu. Uzuri wake ni kwamba shata haitaki betri; betri ni ya mita tu. Na mita yake haina swichi. Lenzi ikiachwa bila kifuniko inaendelea kula betri mchana kutwa, na katika kibanda chenye wateja wa kupokezana hakuna anayefunika lenzi. Betri ya kwanza ilipokwisha, mjomba hakununua nyingine.

Alinifundisha hivi. Filamu yetu ni ya ASA 100 siku zote. Shata iache kwenye 1/125, isiguswe. Kinachobaki ni tundu la lenzi, na tundu utaambiwa na kivuli. “Mwanangu, mteja akija usimtazame usoni kwanza,” alikuwa akiniambia. “Tazama chini. Kivuli chake kina ukingo?” Kivuli kikiwa cheusi na ukingo wake mkali, f/16. Kikiwepo lakini ukingo umelainika kwa wingu jepesi, f/11. Kikionekana kwa shida, f/8. Hakuna kivuli kabisa, wingu limefunga, f/5.6. Mteja akikaa chini ya ukingo wa paa akitazama nje, f/4. Na akitaka kupelekwa ufuoni Shelly, kwenye mchanga mweupe unaorusha jua kutoka chini, f/22.

Kanuni yenyewe inajulikana dunia nzima, na Kodak ilikuwa ikiichapisha pamoja na filamu zake kwa vijipicha vya jua na mawingu: chini ya jua kamili weka tundu f/16, na shata iwe sehemu ya sekunde inayokaribiana na nambari ya filamu. Inafanya kazi kwa sababu jua halibadiliki. Kuanzia saa nne hadi saa tisa, anga ikiwa safi, mwanga unaoanguka Likoni leo ndio utakaoanguka mwakani, awe aliyesimama pale amevaa kanzu au buibui. Hata mwezi hutii kanuni hii, kwa kuwa mwezi ni mwamba uliopigwa na jua lile lile. Mwaka 1941, huko Hernandez katika jimbo la New Mexico, Ansel Adams alikuta mwezi umechomoza juu ya kijiji na misalaba ya makaburi inang'aa, jua linakimbia, na mita yake haionekani. Alikuwa akijua mwangaza wa mwezi kwa kichwa. Akapiga hesabu kutokana na huo, akapata moja ya picha zinazojulikana zaidi katika historia ya kazi hii.

Lakini kipimo sahihi hakikuwa mwisho wa maneno kwa mjomba. Mombasa iko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, na Machi na Oktoba jua la saa sita linakusimamia utosini. Ukipiga kwa f/16 saa hiyo, shati litatoka vizuri, pua itatoka vizuri, na macho yatakuwa mashimo mawili meusi. Ndiyo sababu hakupiga uso wa mtu juani saa sita, hata mteja abembeleze vipi. Alimvuta hatua mbili hadi kivulini, akamtandikia shuka jeupe miguuni ili mwanga uruke juu uingie machoni. Wateja walidhani shuka ni pambo.

Alikuwa na mita ya mkononi pia, Sekonic L-398 aliyoinunua kwa baharia, nayo aliithamini kuliko kamera. Haitumii betri, seli yake ya seleniamu inazalisha umeme mdogo kwa mwanga wenyewe, na mshale unasogea. Mbele ina kuba dogo jeupe la plastiki. Unaiweka karibu na uso wa mteja, kuba likitazama kamera, nayo inapima kile kinachomwangukia, haijali alichovaa. Mkizungumzia kanzu na buibui, hapo ndipo suluhisho lilipo: jibu moja kwa wote wawili, kanzu inabaki nyeupe, buibui linabaki jeusi, na nyuso zinakaa pale zilipo.

Hata hivyo juani hakuitoa mfukoni ila kwa jambo moja, na jambo hilo nimelichukua kwake nikalishika. Hewa ya bahari huila seli ya seleniamu. Unyevu na chumvi vinaingia, mshale unadhoofika polepole, na mwenye mita hajui. Basi mara kwa mara, saa sita ya siku isiyo na wingu, mjomba alitoka nje, akaiweka mita kwenye ASA 100 na 1/125, akalielekeza kuba juani. Inapaswa kusema f/16. Ilipofika kusema f/11, alibandika kipande cha plasta mgongoni mwake akaandika: funga stopu moja zaidi. Watu hudhani mita ni ya kumsaidia asiyejua mwanga. Kwake ilikuwa kinyume. Kwa kuwa alilijua jua, aliweza kuikagua mita, na kwa kuwa aliikagua, aliweza kuiamini mahali ambapo macho hayasaidii.

Kwa sababu kuna mahali hayasaidii. Jicho ni zuri sana kusoma kivuli, lakini ni baya kupima wingi wa mwanga, maana linajirekebisha lenyewe bila kukuuliza. Kaa chumbani kidogo, utaapa kwamba mna mwanga wa kutosha. Filamu itakuonyesha giza. Kwa hiyo nje, jua likiwepo, sihitaji mita, na naona anayeisubiri anapoteza muda wa mteja. Ndani ya nyumba, msikitini, ukumbini, chini ya mwembe mzito, nahitaji, na sioni fahari katika kubahatisha.

Agosti 13, 1997, usiku, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa. Siku zilizofuata vibanda vilichomwa, watu zaidi ya 100 waliuawa, na maelfu kwa maelfu, wengi wao watu wa bara, walikimbia. Majirani zetu wa kivukoni walitawanyika, wengine hatukuwaona tena. Kibanda cha mjomba kiliungua pamoja na mapazia na mita iliyokuwa kwenye droo. Kamera ilikuwa nyumbani. Yeye hakurudi kwenye picha. Mimi nilihamia kwa mama yangu mdogo, Kisauni, na kamera nikaichukua.

Kisauni nilijifunza saa ya magharibi. Huku kwetu jua halizami kwa mshazari kama katika nchi za kaskazini, linashuka wima, na tangu lizame hadi giza haipiti sana dakika 20. Harusi nyingi hupangwa alasiri, zikachelewa. Kina baba wanatoka, wanapangwa, mmoja anamtafuta kaka yake, mwingine amekwenda kuleta mzee kwa gari, na mwanga unakatika nusu kila baada ya dakika chache. Kipimo ulichochukua wakati wazee wanakaa vitini kimekwisha kuwa cha zamani wajukuu wanapofika. Nilizoea kufungua tundu kila kundi jipya linaposimama, bila kungoja kuambiwa na mshale, nikianza f/5.6 na kwenda f/4, kisha f/2.8, kisha kushusha shata hadi 1/60, na hapo kuwaomba wasipumue.

Kisha nikapata kazi Changamwe, katika studio moja ya Magongo iliyoishi kwa picha za pasi. Madereva wa malori, makuli, mafundi wa viwandani, wote walitaka picha ndogo za kibali cha kuingilia kazini, mandharinyuma meupe. Mandhari yale meupe ni mtego. Kamera inayojipimia yenyewe inaona kitambaa cheupe kimejaa fremu, inadhani dunia imeng'aa, inapunguza. Kitambaa kinatoka kijivu, na mtu mweusi aliyekaa mbele yake hana macho. Picha zilirudishwa. Mtu alipoteza siku ya kazi na nauli kwa sababu ya hesabu aliyofanya mtambo.

Hapo ndipo nilipoanza kutumia kiganja. Viganja vya watu hutofautiana kidogo sana kuliko nyuso zao, na kiganja hurudisha takriban stopu moja zaidi ya kijivu cha kati. Nilinunua betri ya kamera ya mjomba. Nilinyoosha kiganja changu mahali uso wa mteja ulipo, chini ya mwanga ule ule, nikasogeza lenzi hadi kiganja kikajaa, nikasoma mshale, nikafungua stopu moja. Kisha sikugusa tena kitu, aje mtu mwenye shati jeupe au koti jeusi. Ukikosa mita ya kuba, kiganja ndiyo mita ya kuba.

Wako wateja walioniambia, “Dada, nifanye mweupe kidogo.” Ombi hilo lilinihuzunisha, na bado linanihuzunisha nikiliona linatimizwa na simu bila hata mtu kuomba. Uso mweusi hauhitaji kung'arishwa. Unahitaji kupimwa. Ukipimwa vizuri unabaki mweusi, na ndani ya weusi ule mna mng'ao wa kipaji, mstari wa taya, kovu la utotoni, vyote vinaonekana. Studio ya N. V. Parekh, iliyofunguliwa kisiwani Mombasa mwaka 1942, ilijua hayo. Tazama picha zake za nyeusi na nyeupe: watu wa kila rangi ya mji huu, na kila mmoja ana ngozi yake.

Filamu za rangi hazikuja zikijua hayo. Kodak ilikuwa ikizipelekea maabara kadi ya kusawazishia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe. Mafundi waliiita kadi ya Shirley, na kwa miaka mingi ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi ya kila mtu. Lorna Roth, mtafiti wa Kanada aliyeifuatilia habari hiyo, ameonyesha kwamba malalamiko yaliyoisukuma kampuni kuboresha rangi za kahawia yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Nililipitia jambo hili kwa upande wa maabara za mjini. Mashine ya kutoa picha nayo inatafuta kijivu cha kati. Nilipeleka negativu nzuri ya kina mama kumi wenye mabuibui, nikarudishiwa kina mama wenye mabuibui ya kijivu na nyuso zilizochujuka. Ilibidi nisimame na fundi wa mashine, nimwombe arekebishe kwa mkono, fremu kwa fremu. Waliokubali kufanya hivyo niliwafuata kila walikohamia.

Usiku wa kupamba bi harusi ulikuwa na taabu nyingine. Mwanamume haingii, na kamera haiingii ila ya aliyeaminiwa, kwa kuwa humo wanawake wamevua mabuibui, vichwa viko wazi. Niliingia kwa sababu mimi ni mwanamke na nilijulikana nyumba ninayotoka. Lakini filamu ile ilikuwa lazima isafishwe, na maabara zilikuwa za wanaume. Zipo familia ambazo kwa sababu hiyo peke yake hazikupiga picha za kupamba kabisa, na hawakuwa na kosa. Kamera ya dijitali ilipokuja, faida yake ya kwanza kwetu haikuwa wepesi. Ilikuwa kwamba picha zilibaki mikononi mwa mwenye harusi.

Flashi ndiyo ilikuwa jua la ukumbini, nayo nilipenda kuitumia bila jicho lake la kujipimia, kwa kuwa jicho lile hudanganywa na dhahabu na vimetameta. Kila flashi ina nambari yake ya nguvu. Yangu ilikuwa 28 kwa mita, na filamu ya ASA 100. Gawanya nambari hiyo kwa umbali, unapata tundu: bi harusi akiwa mita tatu na nusu, f/8, mita tano, f/5.6, mita mbili na nusu, f/11. Nilipima sakafu kabla hajaingia, nikachagua tofali la kusimama. Avae kijani au dhahabu tupu, jibu halibadiliki, maana ni mwanga unaomwangukia ndio ninaoupima. Ubaya wake ni kwamba mwanga wa flashi huchoka haraka; umbali ukizidi maradufu inabaki robo yake. Shangazi waliokaa mstari wa nyuma walitoka vivuli. Ilibidi niwafuate walipoketi, nao wana haki hiyo.

Dijitali ilitugeuzia kanuni moja. Negativu ya rangi ilivumilia mwanga ukizidi hata stopu mbili, ila haikusamehe ukipungua, kwa hiyo ulipokuwa na shaka uliongeza. Kamera ya dijitali inasamehe kivuli, haisamehi cheupe kilichoungua. Na sisi tuna kofia za viua. Kofia ile imeshonwa kwa mkono, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, tundu kwa tundu, kazi ya miezi. Ongeza stopu moja na nusu tu kupita kiasi na kazi yote ya mshonaji inapotea, inabaki duara tupu jeupe. Nikipiga picha za bwana harusi siku hizi napima kwa kiganja kwanza, kisha naitazama kofia kwenye kioo cha kamera. Viua visipohesabika, napunguza theluthi ya stopu hadi vionekane. Hakuna mtambo niliowahi kuushika ambao umeniambia niangalie kofia.

Nawaona vijana wa kivukoni na wa ufuoni, wenye kamera ambazo mjomba asingeziota, wakiiachia kamera iamue kila kitu. Nawaomba wafanye jambo dogo. Siku isiyo na wingu, saa nne na nusu, weka kamera kwa mkono: 100, 1/125, f/16. Mpige rafiki mwenye kanzu. Mpige dada mwenye buibui. Usiguse nambari hata moja baina yao, kisha zitazame picha mbili hizo pamoja. Mwenye simu peke yake aguse uso wa mtu kwenye kioo, ashikilie kidole hadi kipimo kifungwe, ndipo apange fremu. Na ukibahatika kupata mita ya mkononi ya zamani, ipeleke juani kwanza saa sita. Isiposema f/16, andika tofauti yake mgongoni kabla hujaenda nayo harusini kwa mtu.